Henri Matisse, Mchoraji wa Uso wa Kijani

1. Uso wenye rangi nyingi

Ndugu msomaji, je, umepata kuona mtu mwenye uso wa kijani? Bila shaka hujamwona. Lakini alikuwapo mtu aliyemchora mke wake akiwa na kijani usoni, na picha hiyo imetunzwa mpaka leo kama kitu cha thamani kubwa.

Mtu huyo aliitwa Henri Matisse. Jina hilo hutamkwa Anri Matis. Alikuwa Mfaransa. Alizaliwa mwaka 1869, akafa mwaka 1954. Kazi yake ilikuwa kuchora picha kwa rangi.

Pengine utauliza: kwa nini mtu mwenye akili timamu ampake mke wake kijani usoni? Je, hakujua kuchora? Je, alimchukia mke wake? Au alitaka kuchekesha watu tu?

Soma habari za maisha yake, upate jibu. Utaona kwamba alijua kuchora vizuri sana. Utaona kwamba mke wake alimsaidia kuliko mtu mwingine yeyote. Tena utaona kwamba kazi hiyo aliianza akiwa mtu mzima, wakati wenzake walikwisha kuijua.

2. Mtoto wa mwenye duka la nafaka

Henri alizaliwa tarehe 31 Desemba 1869 katika mji mdogo wa Le Cateau-Cambrésis, kaskazini ya Ufaransa. Alikulia katika mji wa Bohain, usio mbali na hapo. Nchi ya huko ni tambarare. Wakati wa baridi jua huonekana kwa nadra.

Watu wengi wa Bohain walikuwa wafumaji wa nguo. Walifuma vitambaa vya fahari vyenye rangi nzuri, vikapelekwa Paris kuuzwa kwa matajiri. Kwa hiyo Henri alikulia mahali ambapo mbingu ilikuwa ya kijivu, lakini vitambaa vilikuwa vya rangi nyingi. Maisha yake yote alipenda vitambaa.

Baba yake alikuwa na duka la nafaka na mbegu. Mama yake alisaidia dukani, akiuza rangi za kupaka nyumba. Mama huyo alipenda pia kuchora mapambo kwenye vyombo vya udongo mweupe.

Henri alikuwa mtoto wa kwanza, na baba yake alitaka arithi duka. Lakini afya yake haikuwa nzuri, wala hakupenda biashara ya magunia. Baba akaona afadhali mwanawe asome sheria. Mwaka 1887 Henri alikwenda Paris kusoma. Mwaka uliofuata alifaulu mtihani wake. Akarudi kaskazini, akapata kazi ya ukarani katika ofisi ya mwanasheria mjini Saint-Quentin.

Kazi ilikuwa kunakili hati za kesi. Siku moja ilifanana na nyingine. Mshahara ulikuwapo, na wazazi waliridhika. Henri mwenyewe hakuwa na furaha.

3. Kisanduku cha rangi

Mwaka 1890, Henri alipokuwa na umri wa miaka 20, aliugua tumbo. Alilala kitandani kwa muda mrefu. Mama yake alimwonea huruma, akamletea kisanduku cha rangi ili apate kitu cha kufanya.

Ndugu msomaji, kisanduku hicho kilibadili maisha yake. Henri alichora vitabu vilivyokuwa juu ya meza, na hiyo ndiyo iliyokuwa picha yake ya kwanza ya rangi. Baadaye alieleza kwamba alipoanza kupaka rangi alijiona kama mtu aliyefunguliwa mlango akaingia mahali pa raha.

Alipopona, alirudi ofisini. Lakini sasa alikuwa na jambo lake. Alfajiri, kabla ya saa za kazi, alihudhuria darasa la kuchora. Ndipo akaenda kunakili hati zake. Wewe uliyejifunza kusoma baada ya kazi za shamba unaelewa vizuri uchovu wa namna hiyo. Unaelewa pia furaha yake.

Hatimaye alimwambia baba yake kwamba anataka kuacha ukarani awe mchoraji. Baba alikasirika. Alijua kwamba wachoraji wengi hufa maskini. Mama alimtetea mwanawe, na mwishowe baba akakubali kwa shingo upande. Mwaka 1891 Henri alikwenda tena Paris, safari hii kujifunza kuchora.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Mwaka 1892 alifanya mtihani wa kuingia katika chuo kikuu cha sanaa cha serikali, akashindwa. Mwalimu mmoja wa chuo hicho, Gustave Moreau, aliona juhudi yake, akamruhusu ajifunze darasani kwake hivyo hivyo. Henri alijaribu tena, na mwaka 1895 akapokelewa. Wakati huo alikuwa amepita umri wa miaka 25.

Mwalimu Moreau aliwapeleka wanafunzi wake katika jumba la makumbusho liitwalo Louvre. Huko walinakili picha za mafundi wa kale. Henri alinakili vizuri, hata serikali ikanunua baadhi ya nakala zake. Kumbuka jambo hili, maana litatusaidia mbele. Mtu huyu alijua kuchora uso ukafanana na uso.

4. Miaka ya shida

Mwaka 1894 Henri alipata binti, akaitwa Marguerite. Hakufunga ndoa na mama wa mtoto huyo, na baadaye waliachana. Mwaka 1898 alimwoa mwanamke mwingine, jina lake Amélie. Amélie alikubali kumlea Marguerite kama mtoto wake wa kumzaa. Kisha wakapata watoto wa kiume wawili, Jean na Pierre.

Marguerite aliugua sana koo alipokuwa mdogo. Hakuweza kuvuta pumzi. Ilibidi apasuliwe shingoni ili apate hewa. Alipona, lakini kovu lilibaki. Kwa hiyo alizoea kujifunga utepe shingoni kulificha. Utepe huo utauona katika picha nyingi alizochorwa na baba yake.

Picha za Henri hazikuuzwa. Amélie alifungua duka la kofia mjini Paris, na kwa duka hilo familia ilipata chakula. Mwaka 1900 kulikuwa na maonyesho makubwa mjini Paris. Jumba kubwa lilijengwa, likaitwa Grand Palais. Henri alipata kibarua cha kuchora mapambo ya majani katika jumba hilo. Alichora mita baada ya mita, kutwa nzima, kwa ujira mdogo.

Mwaka 1902 msiba mwingine ukawapata. Wazazi wa Amélie walikuwa wakimtumikia tajiri mmoja, mwanamke aliyeitwa Thérèse Humbert. Mwanamke huyo alikuwa amekopa mamilioni ya fedha, akidai kwamba ana urithi mkubwa. Ikagunduliwa kwamba hakuna urithi wowote. Wakopeshaji wakafilisika. Tajiri yule akatoroka, na wazazi wa Amélie wakabaki na aibu. Baba yake Amélie alitiwa ndani, kisha ikaonekana kwamba hana hatia, akaachiliwa. Lakini mali ilikwisha, na duka la kofia likapotea. Amélie naye akaugua.

Henri alirudi na familia yake kwa wazazi wake huko Bohain. Alikuwa na miaka zaidi ya 30, mke mgonjwa, watoto watatu, na mfuko mtupu. Watu wa mji walimwona kama mtu aliyeshindwa. Alifikiri kuacha kuchora. Hakuacha.

5. Kiangazi cha Collioure

Sasa tufike kwenye mwaka 1905. Katika kiangazi cha mwaka huo Henri na familia yake walikwenda Collioure. Ni mji mdogo wa wavuvi, kusini ya Ufaransa, karibu na mpaka wa Hispania. Huko jua ni kali, bahari ni ya buluu, na nyumba zimepakwa rangi. Kwa mtu aliyetoka kwenye mbingu ya kijivu, ilikuwa kama kufumbuliwa macho. Rafiki yake kijana, mchoraji André Derain, alimfuata huko, wakafanya kazi pamoja.

Wachoraji hao wawili walijiuliza swali. Zamani, mtu aliyetaka sura yake ikumbukwe alimwendea mchoraji. Mchoraji alimchora kama alivyo. Lakini tangu mwaka 1839 watu walikuwa na kamera. Kamera humpiga mtu picha kwa muda mfupi, nayo haikosei pua wala sikio. Basi mchoraji abaki na kazi gani?

Henri aliona kwamba kuna kitu ambacho kamera za siku zile hazikuweza. Hazikuweza kuonyesha moyo wa mtu anayetazama. Ukimtazama mtu unayempenda, huoni pua na masikio tu. Unaona pia furaha yako, wasiwasi wako, na miaka mliyoishi pamoja. Henri alitaka kuvitia vitu hivyo katika picha. Chombo chake kilikuwa rangi.

Jaribu jambo dogo, ndugu msomaji. Chukua nyanya nyekundu iliyoiva. Iweke juu ya udongo mwekundu, uitazame. Kisha iweke juu ya majani mabichi. Utaona kwamba juu ya majani nyanya inang'aa zaidi, kama vile imeongezwa wekundu. Nyanya ni ile ile. Kilichobadilika ni jirani yake. Nyekundu na kijani zikikaa pamoja, kila moja huipa nyingine nguvu. Ndivyo ilivyo pia kwa buluu na rangi ya chungwa, na kwa manjano na zambarau.

Wachoraji walilijua jambo hili tangu zamani. Lakini wengi walilitumia kwa uangalifu, kidogo kidogo. Henri na Derain walilitumia kwa nguvu zote. Walichukua rangi kama zilivyotoka kiwandani, bila kuzipunguza makali, wakaziweka jirani jirani.

6. Watu wanacheka

Familia iliporudi Paris, Henri alimchora Amélie. Alimchora akiwa amevaa kofia kubwa iliyojaa mapambo, na mkononi ana kipepeo. Kofia ilikuwa kitu cha Amélie hasa, maana kwa kofia aliwalisha watoto. Uso wake Henri aliupaka kijani, manjano, zambarau na waridi. Shingo akaipaka rangi ya chungwa. Inasimuliwa kwamba mtu mmoja alimwuliza ni nguo ya rangi gani aliyovaa mke wake siku ile, naye akajibu kwamba ilikuwa nyeusi, bila shaka.

Picha hiyo ikaitwa Mwanamke mwenye Kofia. Mwezi wa Oktoba 1905 ilitundikwa katika maonyesho ya wachoraji wapya. Mahali penyewe palikuwa Grand Palais, jumba lile lile ambalo Henri alifanya kibarua miaka mitano kabla.

Watu walikuja kwa wingi. Walipofika mbele ya picha ile wakaangua vicheko. Wengine walikasirika, wakaona wamedhihakiwa. Mwandishi mmoja wa gazeti, Louis Vauxcelles, aliona sanamu ya kawaida imewekwa katikati ya chumba chenye picha hizo. Akaandika kwamba sanamu hiyo ilikuwa kama imetupwa kati ya wanyama wa mwituni. Tangu siku hiyo Henri, Derain na wenzao waliitwa jina hilo la wanyama wakali. Kwa Kifaransa ni Fauves. Walipewa jina hilo kwa dhihaka, lakini limebaki katika vitabu vya sanaa mpaka leo.

Fikiri hali ya Amélie. Mji mzima ulikuwa ukiucheka uso wake. Jamaa zake walikuwa wameaibishwa miaka mitatu tu iliyopita. Angeweza kumwomba mumewe aiondoe picha. Hakumwomba.

Ndipo wakatokea wanunuzi. Walikuwa Wamarekani wa familia ya Stein waliokaa Paris. Bei ya picha ilikuwa faranga 500. Mmoja wao, Gertrude Stein, aliandika baadaye jinsi ilivyokuwa. Wao walitaka kutoa faranga 400. Henri, kwa kuwa alikuwa na dhiki, alikuwa tayari kukubali. Amélie ndiye aliyekataa. Alisema wangoje, maana faranga 100 zile zingemnunulia Marguerite nguo za baridi. Wakangoja. Siku zikapita kwa wasiwasi. Mwishowe wanunuzi wakalipa faranga 500 kamili.

7. Mstari wa kijani

Mwaka huo huo Henri alimchora Amélie tena. Picha hii ni ndogo. Urefu wake ni sentimita 40 hivi tu. Lakini ndiyo iliyo mashuhuri zaidi kwa jambo tunalolieleza, nayo huitwa Mstari wa Kijani.

Katika picha hii Amélie anatutazama moja kwa moja. Nywele zake zimefungwa juu, nazo zina rangi ya buluu iliyokaribia weusi. Mstari mpana wa kijani unashuka kutoka kwenye paji la uso, unapita juu ya pua, unafika mdomoni. Upande mmoja wa uso ni wa manjano. Upande wa pili ni wa waridi. Nyuma yake ukuta umegawanyika katika rangi mbalimbali, na sehemu moja ni ya kijani.

Kwa nini kijani? Tazama mtu aliyekaa karibu na dirisha. Upande mmoja wa uso wake una mwanga. Upande wa pili una kivuli. Mahali mwanga na kivuli vinapokutana huwa pana mpaka. Mchoraji wa zamani aliufanya mpaka huo kwa rangi ya hudhurungi au kijivu, kidogo kidogo, mpaka pua ikaonekana imesimama. Henri aliufanya kwa mpigo mmoja wa kijani. Na kwa sababu kijani kiko jirani ya waridi na nyekundu, uso wote unapata nguvu. Ukisogea nyuma hatua chache na kuitazama picha kwa utulivu, huoni tena mstari. Unaona pua, paji la uso, na mwanamke mwenye msimamo.

Sasa jibu la swali letu la kwanza linaanza kuonekana. Henri hakumpaka mke wake kijani kwa kumdhihaki. Alitaka kuonyesha uthabiti wake. Amélie aliuza kofia, alilea mtoto asiye wake, alivumilia aibu ya wazazi wake, tena alikataa faranga 400. Uso wa mtu kama huyo haukufaa kuchorwa kwa rangi za kupwaya.

8. Kulipinda umbo

Rangi haikuwa jambo pekee. Henri alibadili pia umbo. Alirefusha, alifupisha, aliacha vingine kabisa.

Alikuwa akitazama michoro ya watoto wake. Mtoto mdogo akichora uso, mara nyingi huchora macho yote mawili kama anayekutazama, lakini pua huichora kwa upande, kwa sababu pua huonekana vizuri zaidi kwa upande. Henri alijaribu njia hiyo. Mwaka 1906 au 1907 alimchora Marguerite kwa mistari michache tu. Uso unatutazama, pua imechorwa kwa upande, na shingoni uko ule utepe mweusi. Juu ya picha aliandika jina lake kwa herufi kubwa: MARGUERITE. Mchoraji mwingine mashuhuri, Pablo Picasso, alipobadilishana picha na Henri mwaka 1907, aliichagua hiyo.

Kitu kingine kilichomfundisha kilitoka Afrika. Mwaka 1906, katika duka moja mjini Paris, Henri aliona sanamu ndogo ya mti, mtu ameketi. Ilikuwa imechongwa na fundi wa watu wa Vili, wa pwani ya Kongo. Jina la fundi huyo halikuandikwa popote. Henri aliinunua, akamwonyesha Picasso. Aliona kwamba fundi huyo hakunakili mwili wa mtu kama ulivyo. Alikuwa na vipimo vyake mwenyewe. Alikuza mahali alipotaka kukuza, akapunguza mahali alipotaka kupunguza, na sanamu ikawa na uhai. Mafundi wa Ulaya walikuwa wakitafuta njia hiyo. Mafundi wa Afrika walikuwa nayo kwa karne nyingi. Baadaye Henri alikusanya pia vitambaa vya Wakuba wa Kongo, akavitundika ukutani mwake.

Hata hivyo, kulipinda umbo si kazi ya kubahatisha. Mwaka 1913 Henri alimchora Amélie akiwa ameketi kitini, katika rangi za buluu na kijani. Amélie alikaa mbele yake zaidi ya mara 100. Kila mara Henri alifuta, akaanza upya. Mwishowe uso ukawa kama kinyago cha kijivu, na macho yakawa meusi bila mboni. Inasimuliwa kwamba Amélie alilia alipoona sura yake imepotea. Tajiri wa Kirusi, Sergei Shchukin, aliinunua. Hiyo ilikuwa picha ya mwisho ya rangi ambayo Henri alimchora mke wake.

Basi tusiseme kwamba njia hii haina gharama. Anayechorwa ni mtu, naye ana moyo. Mchoraji akifuata analoliona yeye, huenda mwenye uso akajiuliza kama bado anaonekana.

9. Vita na ugonjwa

Miaka ikapita. Henri akawa mtu mashuhuri. Tangu mwishoni mwa mwaka 1917 alizoea kukaa Nice, mji wa pwani kusini ya Ufaransa. Picha zake zilinunuliwa Marekani, Urusi na kwingineko. Lakini nyumbani hakukuwa na amani. Mwaka 1939 yeye na Amélie walitengana baada ya miaka 41 ya ndoa.

Mwaka huo huo Vita Kuu ya Pili ilianza, na mwaka 1940 Wajerumani waliishinda Ufaransa. Mwezi wa Januari 1941 Henri alipasuliwa tumbo mjini Lyon kwa sababu ya kansa. Alikuwa na umri wa miaka 71. Alikuwa karibu kufa. Alipopona, hakuweza tena kusimama kwa muda mrefu. Alifanya kazi akiwa kitandani au katika kiti cha magurudumu.

Wakati huo Amélie na Marguerite walijiunga na watu waliopigana na Wajerumani kwa siri. Mama alipiga chapa habari za siri, na binti alipeleka ujumbe. Mwaka 1944 wote wawili walikamatwa. Amélie alifungwa gerezani miezi kadhaa. Marguerite aliteswa, kisha akatiwa katika garimoshi la kumpeleka kwenye kambi ya mateso Ujerumani. Garimoshi lilikwama njiani kwa sababu ya vita, naye akapata kuokoka.

Mwanzoni mwa mwaka 1945 alimtembelea baba yake, akamweleza yote yaliyompata. Henri alimsikiliza, akauchora uso wake. Safari hii hakutumia rangi kali wala kupinda umbo sana. Alitumia mistari michache. Msichana wa utepe mweusi alikuwa sasa mwanamke wa miaka 50.

10. Mkasi

Ndugu msomaji, mchoraji asiyeweza kusimama atafanya nini? Henri alichukua mkasi.

Wasaidizi wake walipaka karatasi rangi moja moja: buluu tupu, nyekundu tupu, manjano tupu. Henri alikata karatasi hizo kwa mkasi akiwa ameketi. Alikata majani, samaki, ndege na miili ya watu. Wasaidizi walizibandika ukutani kwa pini, yeye akiwaelekeza. Sogeza juu kidogo. Rudisha kushoto. Alipoona kila rangi imepata jirani anayeifaa, karatasi ziligandishwa kwa gundi. Mwaka 1947 ilitolewa kazi yake mashuhuri ya namna hii, kitabu cha picha 20 kiitwacho Jazz.

Kuanzia mwaka 1948 hadi 1951 alipamba kanisa dogo katika mji wa Vence. Alilifanya kwa ajili ya watawa, kwa ombi la muuguzi aliyemtunza alipokuwa mgonjwa na baadaye akawa mtawa. Madirisha yake ni ya kioo cha buluu, kijani na manjano. Jua likipita, rangi hizo huanguka sakafuni. Juu ya ukuta mweupe alichora watakatifu kwa mistari myeusi. Nyuso zao hazina macho, wala pua, wala mdomo. Ni duara refu tupu. Mtu aliyeanza kwa kujaza rangi usoni alimaliza kwa kuuacha uso mtupu, ili kila anayeingia autazame kwa moyo wake.

11. Mwisho wake

Henri Matisse alikufa mjini Nice tarehe 3 Novemba 1954. Alikuwa na umri wa miaka 84. Kabla ya kufa, mwaka 1952, alisaidia kuanzisha jumba la makumbusho katika mji aliozaliwa, Le Cateau. Mtoto wa mwenye duka aliyeonekana ameshindwa alirudi kwao kwa njia hiyo.

Mwanamke mwenye Kofia sasa yuko katika jumba la makumbusho la San Francisco, Marekani. Mstari wa Kijani uko Copenhagen, Denmark. Watu hupanga safari kwenda kuziona. Hakuna anayecheka.

Siku moja huenda ukaona picha ya mtu ambayo uso wake umepinda au una rangi za ajabu. Usiseme haraka kwamba fundi wake hajui kazi. Wala usisifu haraka kwa sababu wengine wanasifu. Kaa, utazame. Jiulize: Kwa nini ameweka rangi hii karibu na ile? Amekuza nini? Ameacha nini? Anataka nijue nini juu ya mtu huyu? Ukijiuliza hivyo, unaisoma picha kama unavyosoma maandishi. Kusoma huko nako huhitaji mazoezi, nako hakuchagui umri.

Maswali

1. Henri alifanya kazi gani kabla ya kuwa mchoraji?
2. Nani alimpa kisanduku cha rangi, na kwa nini?
3. Kwa nini baba yake hakupenda awe mchoraji? Je, hofu yake ilikuwa na sababu?
4. Nyanya nyekundu huonekanaje juu ya majani mabichi? Jaribuni mbele ya darasa kwa vitu vingine vya rangi.
5. Kwa nini Amélie alikataa faranga 400?
6. Henri alijifunza nini kutoka kwa fundi wa Kongo?
7. Jadilianeni: Je, mchoraji ana haki ya kubadili sura ya mtu anayemchora? Mtu huyo akihuzunika, itakuwaje?